Usingoje Miadi: Namna ya Kuomba Kibali cha Ukaazi Ujerumani

Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti yako Dar es Salaam au Nairobi si kibali cha kuishi Ujerumani. Ni ruhusa ya kuingia na kuanza maisha. Viza ya kitaifa, ile yenye herufi D, mara nyingi hutolewa kwa miezi mitatu hadi sita, na wengine hupewa mwaka. Kabla haijaisha unatakiwa uwe umekwisha kuomba kibali chenyewe, kinachoitwa Aufenthaltserlaubnis, katika ofisi ya wageni ya mji unaokaa. Hapo ndipo wengi wetu wanapoteleza. Sifa wanazo: chuo kimewapokea, kazi ipo, ndoa ni halali. Kinachowaangusha ni tarehe.

Kwa hiyo nianze na tarehe, ingawa kwa mpangilio wa safari ungetarajia nianze na nyumba. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 81 aya ya 4, inasema kwamba mtu akiomba kibali kipya au nyongeza ya muda kabla ya kile alichonacho kuisha, kile cha zamani kitahesabiwa kuwa hai mpaka ofisi itakapotoa uamuzi. Sheria inamzungumzia aliyeomba. Haisemi aliyepata miadi wala aliyekwisha kupokelewa dirishani. Katika miji kama Berlin, Frankfurt au Stuttgart miadi inaweza kupatikana baada ya miezi, na mgeni asiyejua sheria hukaa akifungua ukurasa wa miadi kila asubuhi huku viza yake ikiisha. Usifanye hivyo. Peleka ombi lako kwa maandishi wiki nane hadi kumi kabla ya tarehe ya mwisho, miadi iwepo au isiwepo.

Miji mingi sasa ina fomu ya ombi kwenye intaneti. Ukiituma utapata uthibitisho, na uthibitisho huo uuhifadhi kwenye simu na kwenye karatasi. Pasipo na fomu hiyo, andika barua fupi: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani, tarehe ya mwisho wa viza, aina ya kibali unachoomba na sababu yake. Ambatanisha nakala za hati ulizonazo, hata kama moja mbili hazijapatikana, na useme wazi kwamba zilizobaki utazileta. Tuma kwa barua pepe na pia kwa barua ya rejista, ile wanayoiita Einschreiben. Ukiitumbukiza mwenyewe kwenye kisanduku cha barua cha ofisi, nenda na mtu atakayeweza kushuhudia. Nakala ya barua na risiti ya posta ndiyo ngao yako siku utakapoambiwa kwamba hukuomba kwa wakati.

Ukishaomba, dai hati iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ni karatasi rasmi inayothibitisha kwamba ombi lako limepokelewa na hali yako inaendelea kuwa halali, na ada yake ni euro 13. Mwajiri ataitaka, benki itaitaka, na pengine chuo pia. Aliyechelewa asikate tamaa mara moja: sheria hiyohiyo inairuhusu ofisi kuendeleza uhalali wa aliyechelewa ikiwa kumnyima kutamwumiza kupita kiasi. Lakini hapo unategemea huruma ya afisa, huna tena haki ya moja kwa moja. Na jambo moja lisisahaulike: kinga hii haimhusu aliyeingia kwa viza ya Schengen ya matembezi. Atakayekuambia ingia kwa viza ya wiki mbili, kibali utakitafuta hukohuko, anakupeleka pabaya.

Sasa turudi kwenye wiki za mwanzo. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia kwenye nyumba unatakiwa ujiandikishe katika ofisi ya wakazi. Shughuli hiyo huitwa Anmeldung, na Waswahili waliopo huko hulitumia jina hilohilo. Utahitaji pasipoti, fomu, na hati kutoka kwa mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Mwenye nyumba anawajibika kisheria kukupa hati hiyo, na kama umepewa chumba na ndugu aliyepanga, ndugu huyo ndiye anayeitia saini. Kuchelewa kujiandikisha kunaweza kukuletea faini ya hadi euro 1,000, ingawa mara nyingi maofisa huwa wapole kwa siku chache ukiwaonyesha kwamba miadi haikupatikana.

Wapo wanaouza anwani. Kwa mamia ya euro mtu anakuandikia kwamba unakaa kwake, nawe unalala kwingine. Sheria inakataza jambo hili kabisa, na anayetoa anwani ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000. Wewe nawe unajenga ombi lako la ukaazi juu ya msingi wa uongo ambao afisa anaweza kuugundua kwa barua moja iliyorudi. Bora hosteli ya vijana, bora chumba cha muda kwa mtu anayekubali kutia saini kwa haki, hata kama ni mbali na mji.

Na hizo barua, ndugu msomaji, ndizo mhimili wa maisha ya Ujerumani. Mtu wa posta hatazami namba ya chumba, anatafuta jina. Kama jina lako halipo kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlangoni, barua ya ofisi ya wageni itarudi ilikotoka. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kununua hata sufuria, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti ulibandike pale. Kama umepokelewa kwa mtu, ongeza lako chini ya lake. Kisha fungua kila bahasha siku inapofika. Bahasha ya manjano yenye tarehe iliyoandikwa na mtu wa posta ina uzito wa pekee, kwa kuwa siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, hata kama wewe ulikuwa zamu ya usiku na hukuiona. Muda mfupi baada ya kujiandikisha utapata pia barua ya kutaka ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Wengi huitupa wakidhani ni utapeli. Si utapeli. Kama mnakaa wengi nyumba moja, mmoja tu ndiye anayelipa, na wengine waandike kutaja namba yake.

Tukija kwenye hati zenyewe, orodha hutofautiana kwa mji na kwa sababu ya kuja, kwa maana Ujerumani ina ofisi za wageni zaidi ya 500 na kila moja ina desturi zake. Berlin ofisi hiyo tangu 2020 inaitwa Landesamt für Einwanderung. Kwingine utaikuta ndani ya jengo la manispaa au la wilaya. Lakini shina ni lilelile: pasipoti hai, fomu, picha, uthibitisho wa anwani, mkataba wa kupanga, bima ya afya, uthibitisho wa kipato, na hati ya jambo lililokuleta, iwe ni barua ya chuo, mkataba wa kazi au cheti cha ndoa.

Pasipoti iangalie mapema kuliko vyote. Kibali hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Ukiwa na kazi ya miaka minne na pasipoti iliyobakiza miezi minane, utapewa miezi minane, kisha utaanza upya na kulipa upya. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zina balozi zao Berlin, lakini kupata pasipoti mpya ukiwa ugenini huchukua muda na nauli. Aliye bado nyumbani na aibadilishe kabla ya kupanda ndege.

Majina yamewatesa watu wetu kuliko hata fedha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohammed, pasipoti ina majina matatu na cheti cha ndoa mawili. Nyumbani kila mtu anaelewa kwamba ni yuleyule. Afisa wa Ujerumani anaona watu watatu, na hana ruhusa ya kukisia. Sahihisha kabla ya kuondoka kwenye ofisi ya usajili: RITA kwa Tanzania Bara, ZCSRA kwa Zanzibar, na hati ya kiapo mbele ya wakili pale ambapo usahihishaji hauwezekani. Cheti cha ndoa kiwe kilichosajiliwa serikalini. Kile cha msikitini au kanisani pekee hakitakufikisha. Ubalozi wa Ujerumani unaweza kutaka vyeti vya ukanda wetu vihakikiwe kwanza, na kazi hiyo huchukua miezi, kwa hiyo uliza mwanzoni kabisa. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa na mahakama ya Ujerumani. Orodha ya wafasiri hao ipo wazi kwenye tovuti ya justiz-dolmetscher.de, ambako unaweza kutafuta kwa lugha na kwa mji. Tafsiri ya rafiki, hata kama ni profesa, haipokelewi.

Kwa mwanafunzi, uthibitisho wa fedha tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, zinazowekwa kwenye akaunti iliyofungwa ambayo hukutolea sehemu yako kila mwezi. Hizo ndizo fedha za mwaka wa kwanza. Ukienda kuongeza muda, afisa atauliza za mwaka unaofuata, na hapo ndipo mwanafunzi aliyetumia kila kitu hupata tabu. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka; tunza hati za mshahara za miezi hiyo, maana ni sehemu ya ushahidi wako. Mwenye ufadhili wa fedha za umma, kwa mfano wa DAAD, anatumia barua ya ufadhili badala ya akaunti na husamehewa ada ya kibali.

Bima ya safari uliyonunua kwa ajili ya viza haitoshi kwa kibali. Unatakiwa uwe katika bima kamili ya afya, na kwa walio wengi njia salama ni bima ya umma. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anapata kiwango cha wanafunzi. Mwajiriwa anakatwa kwenye mshahara na mwajiri anachangia sehemu yake. Bima za bei ya kutupa zinazotangazwa kwa wageni mara nyingi ofisi huzikataa, na kutoka kwenye bima binafsi kurudi kwenye ya umma baadaye ni kazi kubwa.

Hapa niseme neno kwa ndugu waliotangulia, wale wenye kazi nzuri Hamburg au München ambao kila msimu huombwa kumdhamini mtoto wa shangazi. Hati ya udhamini, Verpflichtungserklärung, inakufunga kwa miaka mitano. Mtu wako akiugua bila bima, au akipewa msaada wa serikali, bili inakuja kwako. Kubadilisha aina ya kibali hakukufungui. Ni tendo la ukarimu mkubwa na limewasomesha wengi, nami siwaambii watu waache. Nawaambia wakae wote wawili, anayedhamini na anayedhaminiwa, wayasome masharti kwa sauti na kukubaliana kabla ya saini.

Anayemfuata mwenzi wake kwa kawaida hutakiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya viza, na Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam. Akifika, kibali chake kinategemea ndoa. Hili walijue hasa dada zetu: baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja Ujerumani kama wanandoa, mwenzi anaweza kupata kibali kinachojitegemea, na palipo na kipigo au mateso sheria haimlazimishi kusubiri miaka hiyo. Mume anayemtisha mke kwamba akisema neno atarudishwa kwao hasemi sheria, anasema vitisho. Simu ya msaada kwa wanawake, 116 016, ni ya bure, inapokelewa mchana na usiku, na ina wakalimani.

Siku ya miadi ikifika, fika robo saa kabla. Lugha ya ofisi ni Kijerumani, na afisa halazimiki kuzungumza Kiingereza hata kama anakijua. Nenda na mtu anayekimudu. Beba hati halisi pamoja na nakala za kila moja, zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa orodha yao. Picha sasa ni za kidijitali, kutoka kwa mpigapicha aliyeidhinishwa au kwenye mashine ya ofisini. Watachukua alama za vidole, hata za mtoto aliyefikisha miaka 6. Ada ya kibali cha mara ya kwanza ni euro 100, na nyongeza ya zaidi ya miezi mitatu ni 93. Uliza kabla kama wanapokea fedha taslimu. Jibu ulichoulizwa, kwa kweli na kwa kifupi. Usitie saini usichokielewa. Una haki ya kusema nitaisoma nyumbani.

Kadi ya kibali inachapwa Berlin na Bundesdruckerei, na huchukua wiki kadhaa kufika. Pamoja nayo unaweza kupewa karatasi ya kijani ya nyongeza. Isome neno kwa neno kwa msaada wa anayejua, maana masharti yako yamo humo: kazi ipi unaruhusiwa, kwa mwajiri gani, saa ngapi. Nimesikia watu wengi wakisema wana kibali cha kufanya kazi wakati karatasi yao inataja mwajiri mmoja tu. Mwenye kibali cha kazi akiachishwa kabla ya muda wa mkataba, ana wiki mbili za kuiarifu ofisi ya wageni. Kimya hakimlindi. Taarifa iliyoandikwa mapema, pamoja na ushahidi kwamba anatafuta kazi nyingine, humpa nafasi ya kupewa muda.

Kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani ukiwa na Fiktionsbescheinigung, angalia kisanduku kilichotiwa alama ndani yake. Kinachotaja kifungu cha 81 aya ya 4 kinakuruhusu kutoka na kurudi. Beba pia viza au kadi ya zamani, kwa kuwa wahudumu wa ndege kwenye viwanja vyetu si wote wanaoifahamu karatasi hiyo. Na ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali chako kwa kawaida kinakufa chenyewe, bila barua wala onyo. Mama akiugua na ukaona uuguzi utakuwa mrefu, andika ofisini kuomba muda zaidi kabla ya miezi hiyo kwisha, uambatanishe barua ya hospitali.

Kama ofisi inakusudia kukukataa, kwanza itakuandikia barua ya kukupa nafasi ya kujieleza, Anhörung. Barua hii ni fursa, na wengi huipoteza kwa hofu. Jibu ndani ya siku zilizotajwa, kwa hoja na hati. Uamuzi wa kukataa ukitoka, ukurasa wake wa mwisho unaeleza pa kukata rufaa, na muda kwa kawaida ni mwezi mmoja. Kama tatizo ni ukimya, yaani umeomba kwa ukamilifu na miezi mitatu imepita bila uamuzi, sheria inakuruhusu kuishtaki ofisi katika mahakama ya utawala, Verwaltungsgericht. Mara nyingi barua ya wakili yenye kutaja haki hiyo inatosha kulitoa faili chini ya rundo.

Wakili si lazima awe wa gharama. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba katika mahakama ya mtaa wake, Amtsgericht, hati ya msaada wa ushauri wa sheria, na katika majimbo mengi atamlipa wakili euro 15 tu. Na kabla hata ya wakili kuna ushauri wa bure kwa wahamiaji, Migrationsberatung, unaotolewa na Caritas, Diakonie, AWO, Msalaba Mwekundu na wengineo, pamoja na ofisi maalumu za vijana wasiozidi miaka 26. Watakusaidia kujaza fomu, kusoma barua na kupiga simu ofisini. Miadi ya serikali ni bure pia. Anayekuuzia nafasi kwenye foleni kupitia kundi la WhatsApp anakuibia, hata kama anakusalimia kwa Kiswahili.

Mwisho, jua unakoelekea. Kibali cha kudumu, Niederlassungserlaubnis, kwa kawaida kinaombwa baada ya miaka mitano. Mtaalamu mwenye kazi ya fani yake anaweza kukiomba baada ya miaka mitatu, na aliyehitimu chuo cha Ujerumani baada ya miwili ya kazi. Kinadai lugha ya kutosha na michango ya pensheni, kwa hiyo kila mwezi wa kazi isiyoandikishwa ni mwezi uliojinyima mwenyewe. Uraia nao, tangu tarehe 27 Juni 2024, unaombwa baada ya miaka mitano, na Ujerumani haimtaki tena mtu aukane uraia wake wa kwanza. Mkenya anaweza kuwa na uraia wa nchi zote mbili tangu katiba ya 2010. Tanzania na Kongo ya Kinshasa hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kwa Mtanzania au Mkongomani anayetaka kubaki raia wa kwao, kibali cha kudumu ndicho cha kulenga.